Kubana video hadi usiku wa manane: Akili unde yafunzwa kuruka majaribio ya bure

UKITAKA kuona kompyuta ikilemewa, mtafute kijana anayepiga video za harusi usiku wa Jumapili. Sherehe ya saa mbili imerekodiwa kwa ubora wa 4K, maharusi wanaisubiri asubuhi, na faili lazima ipungue ndipo iweze kutumwa. Feni ya laptopu inalia kama kinu cha kusaga mahindi. Asilimia kwenye skrini zinajikokota: 3, 4, 4, 5. Stima zikipotea saa tisa usiku na betri iwe imechoka, mambo yanaanza upya.

Wengi hudhani mashine inachelewa kwa sababu tu faili ni kubwa. Ukubwa unachangia, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya muda huo hupotelea kwingine. Kompyuta inajaribu maelfu ya njia za kubana kila fremu, kisha inatupa karibu zote na kubaki na moja. Ni hapo ambapo akili unde imeingia miaka hii ya karibuni. Kazi yake ni kuiambia enkoda, yaani programu inayobana video, ni majaribio yapi haina haja ya kuyafanya.

Kabla ya kufika huko, hebu tupige hesabu ndogo. Fremu moja ya video ya HD kamili ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya pikseli milioni 2. Kila pikseli ikichukua baiti 3 za rangi, fremu hiyo moja ni megabaiti 6 na kidogo. Zidisha kwa fremu 25 za kila sekunde, unapata megabaiti 155. Bando ya GB 1 ingekwisha kabla ya sekunde 7 kutimia. Wimbo haungekuwa umefika hata kwenye kiitikio.

Kwamba bando hiyo hiyo leo inaweza kukupa saa nzima ya kutazama, au zaidi ukishusha ubora, ni kwa sababu enkoda haitumi kila kitu. Mtangazaji wa habari akiwa ameketi studioni, ukuta ulio nyuma yake haubadiliki. Enkoda inauandika mara moja, kisha kwenye fremu zinazofuata inasema tu: rudia ule ule. Akiinua mkono, inasema kipande hiki kimesogea juu kiasi fulani. Kinachobaki hupitishwa kwenye hesabu iliyochapishwa mwaka wa 1974 na Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao, ambayo ndiyo imo pia ndani ya picha za JPEG. Hesabu hiyo hutenganisha rangi pana na chembechembe ndogo, na zile ambazo jicho halingeziona hupunguzwa au kuachwa.

Hadi hapo kompyuta haisumbuki sana. Inasumbuka inapolazimika kuchagua.

Ploti ndani ya ploti

Chukua kodeki ya HEVC, ambayo pia huitwa H.265, iliyoidhinishwa mwaka wa 2013. Inagawa kila fremu katika miraba ya pikseli 64 kwa 64. Sasa fikiria mraba mmoja ni shamba. Unaweza kuliacha zima, au kulikata katika ploti nne sawa. Kila ploti nayo unaweza kuiacha au kuikata tena mara nne, na tena, hadi ufike vijiploti vya pikseli 8 kwa 8.

Mbona usumbufu wote huo? Kwa sababu sehemu za picha hazilingani. Anga tupu ya samawati haina jambo la kueleza. Unaiacha shamba zima na kuandika maneno machache. Nywele zilizosukwa, au maandishi kwenye ubavu wa matatu, yana mambo mengi. Ukiyaacha katika kipande kimoja kikubwa yatachafuka au yatakula biti nyingi. Ukikata anga vipande vidogo, unapoteza biti kwa kuandika mipaka isiyo na maana. Ukikosa kukata nywele, unapoteza ubora. Kila mraba una ukataji wake unaoufaa.

Mraba mmoja wa 64 kwa 64 unaweza kukatwa kwa njia 83,522 tofauti. Si utani. Anza chini: kipande cha 16 kwa 16 kina njia 2, ukiache au ukikate. Kipande cha 32 kina njia 17. Cha 64 kina 17 zilizozidishwa zenyewe mara nne, ujumlishe moja ya kutokata kabisa.

Bahati nzuri ni kwamba enkoda haihitaji kupitia njia zote hizo moja moja. Inapima kila ukubwa wa kipande, inalinganisha, na kwenda juu. Hata hivyo ni vipimo 85 kwa kila mraba: kimoja cha shamba zima, 4, 16 na 64. Fremu ya HD kamili ina miraba kama 510. Hiyo ni zaidi ya vipimo 40,000 kwa fremu moja, na zaidi ya milioni moja kwa kila sekunde ya video. Tena kipimo kimoja si kitu cha kupepesa jicho. Ndani yake mna kujaribu mielekeo kadhaa ya kukisia rangi, kutafuta kipande kinachofanana kwenye fremu zilizopita, kupiga ile hesabu ya mwaka wa 1974, kuhesabu biti, na kupima ni ubora kiasi gani umepotea.

Mwisho wa yote, kwenye kile kipande cha anga, jibu ni lile ambalo mtoto wa chekechea angekupa kwa kutazama tu: usikate.

Jicho la mzoefu

Wahandisi waliliona hilo zamani. Enkoda kama x264, ambayo vijana wengi wameitumia bila kujua kwa kuwa imo ndani ya programu nyingi za kuhariri video, zimejaa njia za mkato zilizoandikwa kwa mkono. Kama pikseli za kipande hazitofautiani kupita kiasi fulani, usikate. Kama kipande jirani hakikukatwa, pengine hiki pia hakihitaji. Kanuni za aina hiyo zilifanya kazi nzuri, na bado zinafanya. Shida ni kwamba kila kanuni inahitaji mtu akae chini, akisie kiwango kinachofaa, ajaribu, arekebishe. Kadiri kodeki zinavyoongeza chaguo, ndivyo kanuni zinavyozidi kuwa nyingi na kugongana.

Ujifunzaji wa mashine unageuza mpangilio huo. Unachukua enkoda ya polepole, ile isiyoruka jaribio hata moja, na kuiachia video nyingi. Ikifanya kazi, unaandika pembeni kila uamuzi: kipande kilikuwa na sura gani, kingo zake zilikuwaje, majirani zake walikatwa vipi, kiwango cha kubana kilikuwa kipi, na mwishowe kilikatwa au hakikukatwa. Siku chache baadaye una mamilioni ya mifano yenye majibu. Hapo unafunza mtandao mdogo wa neva, ambao ni hesabu ya kuzidisha na kujumlisha inayojirekebisha hadi majibu yake yakaribie yale ya enkoda ya polepole.

Ni kama mpimaji ardhi aliyekata mashamba kwa miaka 20. Mpeleke kwenye ploti mpya na hatafungua kamba kwanza. Atatazama mteremko, mawe na barabara, aseme: hapa hakuna haja, pale tukate 50 kwa 100. Atakosea mara moja moja, lakini siku yake itakuwa fupi.

Mtandao huo hautoi ndiyo au hapana kavu. Unatoa uwezekano. Ukisema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kipande hakitakatwa, enkoda inaacha vipimo vyote vya chini yake. Ukisema kwa uhakika uo huo kwamba kitakatwa, enkoda haijisumbui kukipima kikiwa kizima. Ukisitasita katikati, enkoda inarudi kwenye desturi yake ya kujaribu. Mwenye kuitumia ndiye anayeamua uhakika wa kiasi gani unatosha. Akilegeza kigezo, kazi inaisha mapema na faili inanenepa kidogo. Akikaza, ni kinyume chake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Beihang, Uchina, walichapisha mwaka wa 2018 mfumo wa namna hiyo wa HEVC, ambapo mtandao unatazama mraba mzima na kutabiri ramani yote ya ukataji kwa mkupuo mmoja. Muda wa kubana ulipungua kwa zaidi ya nusu. Gharama yake ilikuwa faili kuongezeka kwa kama asilimia 2 kwa ubora ule ule. Yaani kazi ya usiku kucha inaisha kabla ya saa saba, na faili ya megabaiti 500 inakuwa ya 510. Wapiga video wengi wangekubali biashara hiyo bila kufikiri mara mbili.

Lakini kuna mtego, nao umewanasa watu wengi wanaodhani akili unde kubwa ndiyo bora. Mtandao wa neva wenyewe unakula muda. Kama kuuliza swali kunachukua muda mrefu kuliko jaribio ulilotaka kuruka, umepata hasara. Ndiyo maana mitandao iliyomo ndani ya enkoda zinazotumika kikweli ni midogo ajabu.

Mfano ni libaom, enkoda ya kodeki ya AV1 iliyotolewa mwaka wa 2018 na muungano wa Alliance for Open Media, wenye kampuni kama Google, Netflix na Amazon. Kodeki hiyo ina miraba ya hadi 128 kwa 128 na njia 10 za kukata kila kipande, si zile mbili tu za HEVC. Ndani ya msimbo wake mna mitandao kadhaa ya neva iliyoandikwa moja kwa moja kwa lugha ya C, kila mmoja ukiwa na kazi yake moja ya kuamua ni ukataji upi usijaribiwe. Aliyezoea kusikia habari za modeli zenye mabilioni ya vigezo atashangaa: mingi kati ya hii ina safu moja tu ya ndani, yenye nodi makumi machache. Inatoshea kwenye faili za kawaida za msimbo. Haihitaji kadi ya michoro, wala intaneti.

Kosa lisilovunja kitu

Kuna jambo moja linalofanya matumizi haya yawe salama kuliko mengi ya akili unde tunayosikia kila siku. Kanuni za kodeki husema tu jinsi ya kufungua video. Hazisemi enkoda ifikie vipi uamuzi wake. Simu yako inapopokea video, inasoma maagizo: kata hapa, sogeza pale, rangi ni hii. Haijui kama maagizo hayo yalitokana na majaribio milioni moja au na kisio la mtandao wa neva, na haijali.

Kwa hivyo mtandao ukikosea, hakuna uso unaogeuka kuwa wa mtu mwingine, wala sentensi ya uongo inayoingia kwenye habari. Kinachotokea ni kwamba kipande kimekatwa vibaya, na enkoda inalipia kosa hilo kwa biti chache zaidi. Video inachezeka vile vile. Hata simu ya zamani, mradi inaelewa kodeki hiyo, haihitaji kusasishwa.

Hii si sawa na ule utafiti mwingine ambapo mtandao wa neva unachukua nafasi ya kodeki yote. Huko simu nayo lazima iwe na mtandao wa kufungua video, na betri italalamika. Matokeo ya maabara yanavutia, lakini kwa sasa njia ya kuruka majaribio ndiyo iliyo karibu na mfuko wa mwananchi.

Kosa linaweza kuwa na sura nyingine, hata hivyo. Mtandao uliofunzwa kwa video safi za studio utababaika ukipewa video ya simu iliyopigwa usiku, yenye chengachenga za giza. Chenga hizo zinafanana na mambo ya maana, na mtandao unaweza kuagiza ukataji kila mahali. Video haiharibiki, ila faida ya kasi au ya ukubwa inayeyuka. Anayefunza mtandao kwa ajili ya video za huku kwetu afadhali atumie video za huku kwetu.

Akili unde imeingia pia kwenye uamuzi mwingine: kila fremu ibanwe kwa nguvu kiasi gani. Mwezi Februari 2022, kampuni ya DeepMind ilitangaza kuwa MuZero, programu iliyojulikana kwa kucheza sataranji na Go bila kufundishwa sheria, imepelekwa YouTube kufanya kazi hiyo kwenye kodeki ya VP9. Kwa kila fremu inachagua namba kati ya 0 na 255. Ikibana mno hapa inaweka akiba ya biti kwa tukio la kasi linalokuja mbele. Ni mchezo wa kupanga bajeti. Ilifunzwa kwa kushindana na matokeo yake yenyewe ya awali, na kwa wastani ikapunguza biti kwa asilimia 4. Kwa haki, hiyo inapunguza ukubwa wa faili na wala si muda wa kubana. Lakini mtu anayenunua bando ya GB 1 ataielewa: ni kama MB 40 zilizorudishwa mfukoni.

Nani hubaniwa vizuri?

Hapa ndipo suala la kasi linapoacha kuwa la wahandisi peke yao. Kubana vizuri ni ghali, kwa hivyo mwenye seva huamua ni video ipi inastahili gharama hiyo. Mwaka wa 2021 wahandisi wa Google walieleza wazi jinsi YouTube inavyofikiri. Video chache mno hutazamwa sana, na hizo zinafaa kuongezewa nguvu za kompyuta ili kila mtazamaji atumie biti chache. Zile nyingi ambazo hutazamwa na watu wachache hubanwa kwa namna ya kuokoa gharama.

Kwa hesabu za kampuni, hilo lina mantiki. Ukitumia saa 10 za seva kupunguza faili inayotazamwa na watu milioni 10, umepata faida. Ukizitumia kwa video inayotazamwa na watu 180, umemwaga maji mchangani.

Lakini hebu utazame kutoka upande huu. Wimbo wa msanii wa kimataifa unakufikia umebanwa kwa uangalifu wote. Somo la kemia la mwalimu wa Kitui, au maelezo ya kupanda sukuma wiki kwenye magunia, huenda likakufikia katika kodeki ya zamani, likila bando zaidi kwa kila dakika. Anayelipa tofauti ni mwanafunzi aliyenunua bando ya siku. Video za lugha zetu na za maisha yetu nyingi zimo kwenye kundi hilo la watazamaji wachache.

Google ilijibu sehemu ya tatizo hilo kwa chuma. Ilitengeneza chipu yake ya kubana video, na ikasema ufanisi ulipanda kati ya mara 20 na 33 ukilinganisha na mfumo wake wa awali, kiasi cha kuweza kutengeneza VP9 pale pale video inapopakiwa. Kampuni yenye mabilioni inaweza kufanya hivyo. Stesheni ndogo ya runinga ya kaunti, au kijana mwenye jukwaa la masomo mtandaoni, hana njia ya kujitengenezea chipu. Kilicho ndani ya uwezo wake ni programu huria, na hapo kila jaribio linalorukwa ni pesa za seva zisizolipwa.

Matangazo ya moja kwa moja yanabana zaidi. Mechi ya fremu 25 kwa sekunde inaipa enkoda milisekunde 40 kwa kila fremu, basi. Muda ukiisha, fremu inayofuata iko mlangoni. Ndiyo sababu mechi hiyo hiyo ikitazamwa mubashara huonekana na mabaka, lakini marudio yake ya kesho yakawa safi kwa biti zile zile. Enkoda inayojua mapema majaribio ya kuruka inaweza kutumia milisekunde zilizobaki kwenye mpira na miguu ya wachezaji, badala ya kuzimaliza kwenye nyasi.

Na kodeki haziachi kukua. VVC, iliyoidhinishwa Julai 2020, inaruhusu vipande kukatwa pia mara mbili au mara tatu, wima au mlalo. Enkoda yake ya majaribio inapobana kila fremu peke yake huchukua zaidi ya mara 20 ya muda wa ile ya HEVC. Bila kisio la namna fulani, kodeki kama hiyo ingebaki maabara.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe, hakuna mlango uliofungwa. Msimbo wa libaom na wa SVT-AV1, enkoda iliyoanzishwa na Intel na Netflix, upo wazi kwa yeyote kuupakua. Kuna namba ya kasi unayoweza kubadilisha: ya chini inamaanisha enkoda ijaribu zaidi, ya juu iruke zaidi. Chukua video yako ya dakika moja, ibane kwa namba ya chini, kisha ya kati, kisha ya juu, uandike muda na ukubwa wa faili kila mara. Utaona kwamba hatua za mwanzo kutoka polepole kwenda kati huokoa muda mwingi mno kwa hasara ndogo. Huko ndiko mitandao hiyo midogo inakofanya kazi yake.

Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kwenda mbali zaidi: kuiambia enkoda iandike kila uamuzi wake wa kukata, kukusanya video za soko, za mechi za mtaani na za harusi za usiku, na kufunza mtandao wenye nodi 32 kwa laptopu ya kawaida. Mafunzo hayo hayamalizi hata alasiri moja. Kukusanya video zenyewe ndiko kutamchosha.